Kanda ya Bwana Kimya

Niwaombe radhi mapema, kabla hamjakaa vizuri: mkasa huu nitauharibu. Mimi ni mtu wa jukwaani. Nilifundishwa kwamba zikipita sentensi tatu bila kicheko, msimuliaji ashuke, ajifiche nyuma ya pazia na anawe uso. Sasa huu wa leo una kicheko kimoja tu, na chenyewe kimekaa mahali pabaya. Mkiona nazungukazunguka msidhani ni ufundi. Ni woga.

Kijiwe chetu ni benchi la mbao lililoegemea kibanda cha fundi redio, mguu mmoja mfupi, umetegewa betri mbili kubwa zilizokufa. Mwenye kibanda tunamwita Fundi, na spika yake moja ameitundika juu ya vichwa vyetu kwa waya wa pasi. Yupo Mwalimu, aliyefundisha hesabu miaka thelathini na bado anamtazama kila mtu kana kwamba hajaleta daftari. Yupo Breki, dereva wa lori mstaafu, asiyeamini kitu chochote kisicho na magurudumu. Nipo mimi, wananiita Kipaza, maana kipaza sauti sijawahi kukihitaji. Kahawa anatumiminia Shangazi. Si shangazi wa mtu yeyote pale, ila anatugombeza kwa haki zote za shangazi, na birika lake likikauka, kikao kimefungwa. Wa sita alikuwa Bwana Kimya, fundi wa cherehani wa mlango wa pili. Alikaa mwisho wa benchi miaka minane, akinywa kahawa yake, akitabasamu, kisha akirudi kwenye cherehani zake. Mwezi uliopita aliugua wiki mbili, akatutoka. Na Jumatatu asubuhi binti yake akaja na kaseti mkononi.

Binti: Shikamooni, baba zangu.

Sisi: Marahaba, mwanetu. Pole sana.

Binti: Nimeshapoa. Baba ameacha sanduku. Lina madaftari yamejaa namba, na kaseti hii. Kumbe ujanani alikuwa na bendi, akipiga kinanda cha umeme.

Breki: Kimya? Kinanda? Yule hata mlango alikuwa anaufunga kwa adabu!

Binti: Alisema niwaletee. Msikilize mara kumi, ndipo mseme.

Breki: Mara kumi! Kwani ni dawa?

Binti: Jumamosi tunahama. Mama namchukua kwangu, na kwangu ni chumba kimoja na nusu, hiyo nusu yenyewe ni jiko. Mama anasema sanduku liende jalalani. Mimi nimeisikiliza mara moja nikaizima, sikuelewa kitu. Ninyi mmekaa naye miaka minane. Mkisema huu ni muziki, sanduku nitalibeba hata kichwani. Mkisema ni kelele, basi litupwe, nijue baba alikuwa anajichosha bure.

Akaondoka. Tukabaki tunatazama kikaseti kile kama mahakimu waliopewa kesi ya jirani yao.

Fundi akakaza utepe wa kanda kwa kalamu, akabonyeza. Mwanzo ulikuwa mzuri: kiwimbo kidogo cha kinanda, sauti tano tu, kama mtu anayemwita mwanawe aje kula. Tukatikisa vichwa. Kisha gitaa likaingia kwa hasira, ngoma zikaingia kwa upande wake, besi ikaenda njia yake, na mpaka kanda inaisha, dakika ya ishirini na nne, hawakuonana tena. Ilikuwa roki, lakini ni roki iliyokwenda kusoma mbali ikarudi haisalimii mtu. Ukitaka kupiga makofi, pigo limehama. Ukitaka kutikisa kichwa, shingo inateguka.

Breki: Hili ni lori limetiwa gia bila klachi.

Fundi: Mashine yangu nzima. Wabovu ni hao.

Mwalimu: Ngoja. Nimehesabu. Wanapiga saba. Saba, saba, saba, halafu kumi na moja.

Breki: Saba nini?

Mwalimu: Mapigo. Watu wenye akili zao hupiga nne.

Shangazi: Nyamazeni mmalize dozi. Ya kwanza hiyo. Zimebaki tisa.

Sasa ninyi nitawaambia, wao sikuwaambia. Dakika ya kumi na nne, chini ya mvumo wa kanda chafu, ilipita sauti ya mtu ikisema neno lisilosikika vizuri, kisha kicheko. Kicheko chenyewe kinapanda ngazi tatu, kinakwama juu, halafu kinavuta pumzi kwa ndani kama pampu ya baiskeli iliyochakaa. Wenzangu hawakukijali. Mimi kahawa ilinimwagikia kwenye suruali.

Kilikuwa changu.

Miaka thelathini na mmoja iliyopita, mchana mmoja, ukumbi wa chuo cha ufundi. Mimi ndiye mshereheshaji, kijana, shati la kung'aa, maneno hayakauki. Wakapanda vijana watano na mitambo yao. Wa kinanda hakusalimu hata watazamaji, aliinama tu akaanza. Dakika ya kumi na nne nikatazama ukumbi: kimya, watu mia tatu, hakuna anayekohoa. Na mimi nilifundishwa kwamba ukumbi ukinyamaza umekufa. Nikaona kazi yangu ni kuufufua. Nikashika kipaza sauti nikasema, "Aitwe fundi umeme upesi, hawa vijana wamenaswa na waya!" Nikacheka wa kwanza, kuwaonyesha njia. Ukumbi ukapasuka. Nikatoka nje kifua mbele, nikala mahindi yangu, sikurudi kusikia mwisho.

Bwana Kimya alipofungua duka lake pale miaka minane iliyopita, nilimtambua siku ya kwanza. Nikajiambia yeye hakunitambua. Nikajiambia hivyo kila asubuhi, miaka minane, huku nikimsogezea kikombe.

Kwa hiyo mnaelewa. Wao walikuwa wanaamua hatima ya sanduku. Mimi nilikuwa naomba Mungu kanda ile ikatike.

Jumatatu jioni, mara ya pili, nikajaribu bahati yangu.

Mimi: Jamani, tupige kura tu. Hizi ni kelele. Marehemu tunampenda, lakini tusimdanganye mtoto wa watu.

Breki: Naunga mkono. Masikio yangu yameuliza njia ya kurudi nyumbani.

Mwalimu: Hapana. Mtihani haukusanywi kabla ya muda. Kaseti mwanzo, Fundi.

Jumanne tukasikiliza mara mbili nyingine. Ya tatu ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza, maana sasa tulijua mabaya yaliko na tulikuwa tunayasubiri. Ya nne, Breki alikuwa anabishana na Shangazi kuhusu sukari, nikautazama mguu wake. Kandambili ilikuwa inagonga chini. Saba, saba, saba, kumi na moja.

Mimi: Breki, mguu wako unafanya nini?

Breki: Mguu upi?

Akautazama kama mtu aliyemkuta mgeni sebuleni.

Jumatano asubuhi, mara ya tano, nadharia zikaanza kuota pembe.

Breki: Nimeshaelewa. Hii ni safari. Dakika ya tatu anatoka gereji. Ya sita barabara ya vumbi. Ya tisa anapanda mlima na mzigo, sikiliza besi, anarudisha gia! Nimeendesha lori miaka ishirini na sita, hiyo kona naijua kwa jina.

Mwalimu: Safari gani! Ile saba ni siku za wiki. Kumi na moja ni miezi. Mwezi wa kumi na mbili haupo. Kwa nini? Kuna mwezi mmoja maishani mwake aliufuta. Nikipata yale madaftari nitautaja mpaka tarehe.

Fundi: Wote hamjui. Huu ni wimbo wa kawaida kabisa wa mapenzi. Ameukata vipande akavigawa, gitaa limepewa mwanzo, ngoma zimepewa mwisho. Ukipata deki nne ukazipiga kwa kupishana, utasikia "nakupenda" wazi kabisa.

Breki: Nakupenda yenye mapigo kumi na moja? Huyo mwanamke ni pweza?

Shangazi alikuwa anasuuza vikombe. Hakutugeukia.

Shangazi: Kile kiwimbo cha mwanzo kinarudi mwishoni.

Mwalimu: Hakirudi.

Shangazi: Kinarudi. Sauti zilezile tano, ila polepole. Kimerudi kimezeeka.

Fundi akasogeza kanda mpaka dakika ya ishirini na mbili. Tukatega masikio. Gitaa halipo tena, ngoma hazipo. Kinanda peke yake, kinatafuta sauti tano kama mzee anayetafuta ufunguo mfukoni: moja, mbili, anasita, tatu. Akaifikia ya tano. Breki alijifanya anatoa mdudu jichoni.

Mimi mwisho ule ndio nilikuwa nausikia kwa mara ya kwanza. Mara nne zilizotangulia nilikuwa nimejivika koti la kutosikia chochote baada ya dakika ya kumi na nne. Sasa mniulize nilifanya nini. Nilikwenda nyumbani, nikawa naosha vyombo, mke wangu akasema, "Unaimba nini hicho, kizuri?" Sauti tano. Nikavunja sahani.

Alhamisi Breki akaleta hadithi yake ya mama mkwe na gurudumu la akiba, ambayo kwa kawaida huniangusha benchini.

Breki: Kipaza, wewe mzima? Nimefika mpaka kwenye gurudumu hujatoa hata jino.

Mimi: Jino ndilo linaloniuma.

Breki: Wiki nzima?

Mimi: Ni la nyuma.

Shangazi: Linauma tangu Jumatatu. Limefika na kaseti.

Nikaagiza kahawa nyingine ili apate shughuli.

Mpaka mara ya saba, nawaapia, tulikuwa watu wengine. Breki alijua gitaa linapoingia na alikuwa anainua kidole kabla halijaingia, kama trafiki. Mwalimu aliacha kuhesabu kwa mdomo. Fundi alimfukuza mteja mwenye redio mbovu: "Rudi baadaye, tuko dakika ya kumi na mbili." Na mimi, ambaye roki ile niliizika kwa sentensi moja, nilikuwa nikifika pale gitaa na ngoma zinapopishana nasikia si kwamba wamepotezana. Wanazungukana. Kama watu wawili wanaotafutana kwenye nyumba moja, kila mmoja akiingia chumba ambacho mwenzake ametoka sasa hivi. Uzuri wake unauma. Unauma zaidi ukijua ni nani anayekuja dakika mbili mbele kuvunja mlango.

Nikaomba tena kanda ikatike. Badala yake, Ijumaa asubuhi Fundi akachukua pamba na spiriti, akasafisha kichwa cha deki.

Fundi: Aibu yangu. Uchafu wa miaka. Sasa mtasikia.

Tukasikia. Mvumo ulikuwa umeondoka. Ngoma zilikuwa na ngozi, kinanda kilikuwa na vidole. Na nyuma ya kinanda, kwa mara ya kwanza, tulisikia ukumbi: kiti kinachosogea, mlango unaofungwa mbali, hayo tu. Watu mia tatu na hakuna anayekohoa.

Mwalimu: Sikilizeni walivyotulia.

Breki: Wameshikwa.

Mwalimu: Mimi darasani nilipata utulivu huo mara mbili katika miaka thelathini. Mara moja ni kwa sababu mkaguzi alikuwepo.

Walikuwa wanasikiliza. Haukuwa umekufa, ule ukumbi. Ulikuwa unasikiliza, na mimi pekee ndani yake ndiye sikujua tofauti. Nilikuwa bado nalimeza hilo ilipofika dakika ya kumi na nne, safi kama maji: "Aitwe fundi umeme upesi, hawa vijana wamenaswa na waya!" Kisha kile kicheko, ngazi tatu, kinakwama, pampu. Kisha mia tatu nyuma yake. Kinanda kikajikwaa. Ngoma zikaacha moja baada ya nyingine, gitaa likazimwa, ukasikia hata nyaya zinachomolewa. Kumbe wenzake waliondoka. Kumbe zile dakika kumi za mwisho alikuwa peke yake, anapiga, watu wanacheka.

Nikafumba macho nikisubiri hukumu.

Mwalimu: Hapo! Rudisha! Kicheko kimeingia kwenye pigo la kumi na moja. Pigo lenyewe hasa! Hiyo si bahati, hiyo ni hesabu.

Fundi: Kimebandikwa. Studio hiyo. Kakirekodi mahali pengine akakibandika.

Breki: Mimi nasema ni mtu aliyefanyishwa mazoezi. Miezi. Huwezi kucheka vibaya namna ile bila kufundishwa.

Mwalimu: Huyo ni dunia. Mtu anajenga kitu kigumu, dunia inamcheka, wenzake wanamkimbia, anabaki na sauti tano. Ameipanga yote! Kimya alikuwa mtu wa ajabu.

Breki: Bila kile kicheko, wimbo haupo.

Mimi: Labda ni mpumbavu tu aliyekuwa anapita.

Wakanigeukia wote, kwa dharau niliyostahili, ila si kwa sababu waliyokuwa nayo.

Breki: Kipaza, kaa na jino lako. Wewe muziki mgumu huuwezi.

Mara ya tisa walikisubiri kicheko kama watu wanaosubiri goli. Ya kumi, Ijumaa jioni, Breki alikuwa anakiigiza. Hakupatia ile pampu.

Jumamosi asubuhi lori la kuhamia lilikuwa limeegeshwa mbele ya duka la cherehani, limejaa nusu: kitanda, kabati, cherehani mbili zilizofungwa kwa shuka. Binti akaja ana vumbi mpaka kwenye nyusi. Sanduku lilikuwa chini, miguuni pake. Mama yake amekaa mbele kwa dereva, hatazami upande wetu.

Binti: Mmemaliza, baba zangu?

Mwalimu akasimama. Alikuwa amevaa koti.

Mwalimu: Mwanangu, ni muziki. Mgumu, hauna haraka na mtu, lakini ni muziki. Usilitupe sanduku. Nikiruhusiwa nitakuja kusoma madaftari.

Breki: Na dakika ya tisa kuna mlima. Usisahau mlima.

Binti akacheka kidogo, kisha akalia kidogo, akajifuta kwa kiwiko. Akamwita dereva, wakaliinua sanduku wakaliweka juu ya kabati, wakalifunga kamba. Nikapumua. Nilijiambia imekwisha, Kipaza, umepona, kunywa kahawa yako. Akarudi kuichukua kaseti kwa Fundi.

Binti: Jambo moja tu. Baba baada ya siku ile iliyorekodiwa kanda hii hakugusa kinanda tena. Kukihama akakihama, akaenda kwenye cherehani. Nikimuuliza hasemi. Ila wiki ya mwisho alisema kwenye kanda kuna mtu anacheka, na kwamba ninyi mkisikiliza mara kumi mtamjua. Ni nani?

Mwalimu akafungua mdomo. Dunia yake ilikuwa pale kwenye ulimi, haikutoka. Fundi akaanza kukunja waya usiohitaji kukunjwa. Breki akatazama mlima wake.

Binti: Hakusema kwa ubaya. Alisema huyo mtu aliondoka mapema tu. Alitaka asikie mwisho.

Shangazi akaliinamisha birika juu ya kikombe changu. Likatoa matone mawili, likaisha. Lakini hakusema kikao kimefungwa. Alibaki amelishika hivyo, ananitazama.

Palikuwa na ukimya. Na hapa ndipo mngenisaidia, kama mngekuwepo. Mtu mzima, mwenye mke na wajukuu, amepewa mlango wazi wa kusema maneno mawili: ni mimi. Maneno mawili! Lakini ukimya mimi unanitisha tangu ujana, na ulimi wangu haujawahi kuniuliza ruhusa.

Mimi: Labda ni fundi umeme mwenyewe, alikuwa amefika!

Nikacheka wa kwanza, kuwaonyesha njia.

Ngazi tatu. Kikakwama juu. Pampu.

Hakuna aliyenifuata. Kandambili ya Breki iliacha kugonga. Fundi aliachia waya. Binti alinitazama, akaitazama kaseti, akanitazama.

Breki: Rudisha hapo.

Sikurudisha. Siku tano nilikuwa nimejiambia kwamba watu hawa hawana masikio, na siku tano walikuwa wanayanoa, wakichonga kila upande, kwa ajili yangu. Nilitazama nyuso zile tano zilizonyamaza, na kwa mara ya kwanza katika kazi hii niliuelewa ukumbi bila kurudia: haukuwa umekufa, ulikuwa unasikiliza. Basi mkimsikia mtu anasema muziki wa Bwana Kimya una sehemu mbovu, mkubalieni. Iko dakika ya kumi na nne, na jioni hii inawasimulia.